Je, Wajua? Kuna Maua Juu ya Matawi

Je, wajua kwamba Kenya ina zaidi ya aina 250 za okidi zinazoota zenyewe porini? Sisi wa Eastlands, Nairobi, wengi wetu tunalijua ua hili kwenye chungu cha supamaketi, na hilo asili yake mara nyingi ni Asia. La kwetu limeshika tawi la mti mkongwe, au limelala ardhini kama kiazi likingoja mvua.

Okidi ya mtini si kimelea. Hainyonyi mti hata tone. Imepanga tu pale juu karibu na mwanga. Mizizi yake imevikwa ngozi nyeupe kama sifongo inayofyonza maji mara mvua inapoigusa, kisha inageuka kijani. Kwa hiyo anayeibandua ili "kuuokoa mti" ameua ua bure.

Je, wajua kuna okidi zisizo na majani kabisa? Ni jamii ya Microcoelia. Mizizi yenyewe ndiyo hutengeneza chakula kwa jua. Isipochanua, utadhani ni fundo la uzi lililonasa kwenye tawi.

Ganda moja laweza kubeba mbegu zaidi ya milioni, nyepesi kama vumbi. Lakini mbegu hiyo haina akiba ya chakula, tofauti na punje ya hindi au haragwe. Haitachipuka porini hadi ikutane na kuvu wa kuilisha. Hapo ndipo wachimbaji wengi hukosea: wanaondoka na ua, kuvu wengi wanabaki msituni, na mara nyingi mmea unanyauka kwenye kopo la rangi pale roshani.

Je, wajua kwa nini okidi nyingi nyeupe za Afrika hunukia jioni? Zinaita nondo. Mwaka 1862 Charles Darwin alieleza kuhusu okidi ya Madagaska yenye mrija wa asali wa karibu sentimita 30, akasema lazima yupo nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Alifariki bila kumwona. Nondo huyo alipewa jina mwaka 1903, na ndugu zake wanaruka hapa Afrika Mashariki.

Vanila halisi ya keki na aiskrimu ni tunda la okidi. Mwaka 1841, kisiwani Réunion, mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, aligundua njia ya haraka ya kuichavusha kwa mkono, na wakulima wa Uganda hufanya hivyo hadi leo, ua kwa ua. Pwani yetu ina vanila yake ya mwitu, Vanilla roscheri, inayotambaa bila majani na kutoa maua meupe.

Okidi ile yenye madoa ya chui, Ansellia africana, huotesha vijizizi vilivyosimama wima kama kikapu, vikikamata majani makavu yanayooza na kuwa mbolea yake.

Tanzania ilitangaza Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake hasa. Nyanda hizo zilikuwa zikichimbwa viazi vya okidi kwa magunia, vikivushwa kwenda Zambia kupikwa chakula kiitwacho chikanda.

Na sisi? Mti mkongwe ukiangushwa Kitui ili ujaze magunia ya makaa yanayoishia kwenye majiko yetu Kayole na Dandora, okidi zilizokuwa juu yake huanguka nao. Hili linaniuma kuliko mwizi wa maua, maana mwizi huchukua moja moja.

Ukitaka kuanza kutafuta, matatu 58 ya Buruburu itakufikisha mjini, kisha gari la Kiambu, 100, litakushusha Karura, msitu ambao mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea usigawanywe viwanja. Nenda baada ya mvua. Acha mikaratusi, tafuta miti ya asili yenye magome ya kukwaruza, hasa pale matawi yanapogawanyika. Angalia pia matawi yaliyodondoshwa na upepo. Hapo okidi inakuja usawa wa macho yako. Darubini ya kuazima inatosha. Shingo itauma, vumilia.

Je, wajua kwamba mkataba wa kimataifa wa CITES umeorodhesha familia nzima ya okidi? Hakuna okidi ya mwitu inayoruhusiwa kuuzwa nje ya nchi bila kibali.

Ukiiona, piga picha, andika tarehe na aina ya mti iliyoushika, umwonyeshe mtoto wa jirani. Usiing'oe. Mwaka ujao mvua zikianza, rudi naye mtini palepale.