Spika inapumua ukipiga santuri? Usikimbilie kununua sabufa mpya

Leo naongea na wale waliorithi santuri za wazee. Huku kwetu Gehandu, Manyara, bado zipo kwenye makasha na vijana tumeanza kuzipiga tena. Malalamiko ni yale yale: ukiweka sindano tu, karatasi ya spika ya besi inaenda mbele na nyuma polepole kama inapumua, na sauti ya kufanana na purukushani hiyo huisikii. Fundi anakwambia spika imekufa. Mara nyingi ni nzima kabisa, bana.

Iko hivi. Sikio la binadamu linaanza kusikia kwenye mitetemo kama 20 kwa sekunde. Sahani ya 45 inazunguka mara 45 kwa dakika, yaani hata mara moja kwa sekunde haifiki. Kama imepinda, sindano inapanda na kushuka kila mzunguko, na pleya inadhani huo nao ni mziki. Halafu wakati wa kutengeneza santuri besi hupunguzwa makusudi ili mifereji isiwe mipana, kwa hiyo amplifaya inabidi iirudishe. Mitetemo 20 inakuzwa karibu mara 10 kuliko mitetemo 1,000, na takataka zinapanda humo humo. CD na simu hazina habari hiyo.

Hasara yake? Umeme unaliwa na sauti usiyoisikia (wenye sola mnanielewa), mziki unavurugika, na ukifungulia sana koili inaweza kuumia. Boksi lenye tundu ndio balaa zaidi, maana huko chini hewa ya ndani haiizuii tena karatasi.

Jaribu kwa mpangilio huu:

1. Nyanyua sindano. Spika ikitulia, haina kosa. Ikiendelea kucheza, hapo ndio umwone fundi.
2. Zima mota, weka sindano kwenye sahani iliyosimama, ongeza sauti kidogo kidogo huku ukigonga meza taratibu. Ikinguruma, mtetemo unapitia mezani. Usiweke pleya na spika meza moja. Rafu iliyofungwa ukutani inasaidia sana.
3. Itazame sahani ikizunguka, macho yakiwa usawa wake. Ikipanda na kushuka, imepinda. Usiianike juani ukidhani itanyooka, utaimaliza. Santuri zisimamishwe wima, mbali na jua na jiko.
4. Amplifaya ikiwa na swichi iliyoandikwa Subsonic, iwashe. Inachuja ile mitetemo ya chini, mziki unabaki.
5. Ukinunua kichwa cha sindano, kiendane na uzito wa mkono wa pleya. Viwili hivyo vikikaa pamoja vinapenda kutikisika kwa kasi yao. Inayotakiwa ni kati ya 8 na 12 kwa sekunde, juu ya mapindo na chini ya mziki.

Jamani, spika dukani zipo kibao. Mbaraka Mwinshehe alifariki 1979, studio harudi tena. Cha kulinda kwanza ni sahani.

Nawasilisha. Ya kwako ilikaa sawa kwenye hatua ya ngapi?