Msafiri na Mgeni: Miaka Mitatu ya Binti wa Mombasa Mjini Istanbul



Nimerudi nyumbani kwa likizo, na kila nyumba ninayoingia kuamkua hukutana na maswali yale yale. Wala nini huko? Waswali wapi? Baridi waiwezaje? Na baadhi ya akina mama, wakishanipa chai, hunivuta kando wakaniuliza kwa sauti ya chini swali lililo moyoni mwao hasa: wangu naye amepata nafasi ya kwenda, nimruhusu au nimkataze? Nimeona ni vyema niyajibu yote kwa pamoja katika ukurasa huu, kwa kadiri ya niliyoyaona.

Shauri la nyumbani

Mwaka 2022 nilipata ufadhili wa serikali ya Uturuki ujulikanao kwa jina la Türkiye Bursları. Ufadhili huo humlipia mwanafunzi karo, bweni, bima ya afya na posho ya kila mwezi, na mwaka wa kwanza wote huwa ni wa kujifunza Kituruki. Nilidhani habari hiyo ingepokewa kwa vigelegele, lakini ilipokewa kwa kikao.

Ami yangu alipinga waziwazi. Alisema msichana wa miaka 19 hapelekwi peke yake nchi ya watu, na akaongeza neno lililomliza mamangu: "Na akiugua, ni nani atakayemtia maji mdomoni?" Babangu alinyamaza. Aliyeamua ni bibi, mamake babangu, aliyekuwa ameketi mkekani akichambua mchele. Alisema: "Ikiwa tumemlea, na aende. Ikiwa hatukumlea, hata akikaa hapa Kibokoni atatupotea." Kisha akatoa sharti moja, kwamba babangu anisindikize mpaka mlangoni mwa bweni, ayaone kwa macho yake mahali nitakapolala na watu nitakaokaa nao.

Ndivyo ilivyokuwa. Babangu alikaa Istanbul siku nne, akahakikisha kwamba bweni letu ni la wasichana watupu na kwamba lango lake hufungwa usiku. Naye bibi alikuwa amenifungia leso moja katika sanduku, yenye jina lisemalo: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Neno moja, maana mbili

Kujifunza Kituruki si kazi nyepesi, kwani kitenzi chao hukaa mwisho wa sentensi, na mtu hulazimika kusubiri mpaka mwisho ajue kama amesifiwa au amekemewa. Hata hivyo Mswahili ana bahati yake. Maneno mengi yaliyotoka katika Kiarabu yameingia katika lugha zote mbili. Kitabu kwao ni kitap, kalamu ni kalem, dunia ni dünya, habari ni haber, duka ni dükkân, na dakika ni dakika vilevile. Wana pia adabu za maneno zinazofanana na zetu. Amkutaye mtu kazini humwambia kolay gelsin, yaani kazi na iwe nyepesi kwako, nasi husema pole na kazi. Aliyepikiwa humwambia mpishi ellerine sağlık, afya iwe mikononi mwako.

Neno lililonishangaza kuliko yote ni misafir. Kwa sikio langu lilikuwa ni msafiri. Jirani yetu, mama mtu mzima aliyekuwa akiishi ng'ambo ya bweni, alinikaribisha kwake siku moja akaniambia kwamba mimi ni misafir wake. Nilimjibu kwamba safari yangu ilikwisha, kwa kuwa nimefika. Alicheka sana. Kwa Waturuki, misafir si mtu aliye njiani. Ni mgeni aliyekwishafika mlangoni, mwenye haki ya kupewa kiti, chai na maneno mazuri. Asili ya neno ni moja, lakini sisi tumemtazama mtu akiondoka nao wamemtazama akifika.

Majira na swala

Saa za Istanbul na za Mombasa ni moja, na hilo lilimfurahisha mamangu, kwani hakuhitaji kufanya hesabu kabla ya kunipigia simu. Tofauti ni ya jua. Sisi wa pwani tumezoea Magharibi isiyoyumba mno mwaka mzima. Huko, mwezi wa Juni, Alfajiri huingia kabla ya saa 10 na Isha huingia baada ya saa 4 usiku. Mwezi wa Disemba jua huchomoza baada ya saa 2 asubuhi, na Magharibi huwa imeingia kabla ya saa 12 jioni. Mwalimu wetu mmoja alitueleza kwamba zamani za Uthmaniya saa zao zilirekebishwa kila siku kwa Magharibi, ikawa jua likizama ndiyo saa 12, mpaka nchi ilipoanza kutumia saa za kimataifa mwaka 1926. Nilimwambia kwamba kwetu mpaka leo saa 12 jioni ndiyo Magharibi.

Katika swala nilikutana na mambo niliyokuwa nimeyasoma madrasa bila ya kuyaona. Wengi wao ni Mahanafi, nasi ni Mashafii. Asubuhi yangu ya kwanza msikitini, imamu aliinuka katika rakaa ya pili ya Alfajiri, nami nikainua mikono kusubiri kunuti. Yeye akaenda sijida. Na baada ya Fatiha niliisubiri ile Aamin inayotikisa misikiti yetu, ikapita kimya kimya. Nilihisi upweke kwa dakika chache. Kisha nikakumbuka maneno ya maalim wetu kwamba maimamu wanne waliheshimiana, na anayeswali nyuma ya imamu hana haja ya kugombana naye.

Baridi nayo ina masomo yake. Nilijifunza thamani ya ruhusa ya kupaka maji juu ya khofu, usiku na mchana mmoja kwa mkaazi na siku tatu kwa msafiri, siku ambayo maji ya bomba yaliniuma mpaka mifupani. Nilijifunza pia kwamba koti zuri si anasa.

Kivuko na safari ya Bursa

Istanbul imekaa juu ya mabara mawili, na kati yake unapita mlango wa bahari wa Bosphorus. Kutoka Üsküdar, upande wa Asia, mtu hupanda kivuko akashuka Eminönü, upande wa Ulaya, kwa muda wa dakika 20 hivi. Kila nilipokuwa na huzuni nilipanda kivuko hicho, nikanunua simit, ule mkate wa mviringo uliojaa ufuta, nikawagawia ndege wa baharini vipande. Mtu wa Likoni angekijua kishindo kile cha watu wakisubiri lango lifunguliwe.

Safari niliyoipenda zaidi ni ya Bursa, takriban kilomita 150 kutoka Istanbul, mji uliokuwa makao ya mwanzo ya Mauthmaniya. Tulikwenda wasichana watano kwa basi. Njiani mimi nilikusanya Adhuhuri na Alasiri kwa madhehebu yetu. Wenzangu Waturuki walipunguza bila ya kukusanya. Nilimaliza mapema, nikawashikia mikoba, wala hapana aliyemwuliza mwenzake kwa nini.

Msikiti Mkuu wa Bursa, Ulu Cami, ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14 na una makuba 20. Wenyeji husimulia kwamba Sultani Bayezid wa Kwanza aliweka nadhiri ya kujenga misikiti 20 akishinda vita vya Nikopoli vya mwaka 1396, kisha akashauriwa ajenge mmoja wenye makuba hayo. Katikati ya msikiti, ndani kabisa, pana birika la maji ya kutawadhia. Husimuliwa pia kwamba mahali pale palikuwa pa mtu aliyekataa kuuza ardhi yake, na kwa kuchelea kuswali juu ya ardhi isiyoridhiwa, wakajenga birika badala ya mahali pa kusujudia. Sina hakika ya kisa, lakini nilifurahi kwamba watu huwasimulia watoto wao kisa kinachoheshimu haki ya mnyonge.

Siku ya tatu

Nisiwadanganye wasomaji kwamba yote ni asali. Kwetu twasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na ugeni wa miaka una siku yake ya tatu. Bei za vitu zilipanda sana miaka hii, na posho niliyodhani ni nyingi ikawa ya kuhesabu. Tulipotaka kuhama bweni na kupanga nyumba, mwenye nyumba mmoja alitazama ngozi zetu, akasema kwamba hapangishi wageni. Katika treni nimetazamwa kana kwamba nimetoka mwezini.

Neno misafir ndilo walilotumia pia kwa ndugu zetu wa Syria waliokimbia vita, ambao idadi yao ilipita milioni 3. Mwanzoni mlango ulifunguliwa. Miaka ilipozidi, nilisikia manung'uniko sokoni na mabasini. Lakini katika mitaa hiyo hiyo niliona duka la mikate ambako mtu hulipia mikate miwili akachukua mmoja, na wa pili huachwa kwa ajili ya asiyekuwa nacho. Huuita mkate uliotundikwa. Mtoaji hamjui mpokeaji, na mpokeaji hana wa kumwinamia.

Halua ya msiba

Mwezi wa Januari wa mwaka wangu wa pili, babangu alinipigia simu baada ya Alfajiri. Bibi amefariki. Angezikwa siku hiyo hiyo baada ya Alasiri, kama ilivyo ada yetu, na hapana ndege ambayo ingenifikisha kwa wakati. Niliifungua leso yake, nikajifunika, nikakaa chini.

Jioni niliswali swala ya ghaibu peke yangu chumbani. Nilipotoa salamu, nilisikia harufu ya unga unaokaangwa kwa siagi. Yule mama jirani, aliyepata habari kwa wenzangu, alikuwa ameingia jikoni. Waturuki hupika halua mtu anapofariki. Huukoroga unga polepole mpaka uwe mwekundu, na kila mwenye kushika mwiko humsomea maiti Fatiha, kisha halua hugawiwa majirani. Kwetu halua ni ya harusi na Idi, na mara ya kwanza moyo wangu uliikataa. Akanipa mwiko, akaniambia: "Koroga, mwanangu, na umtaje kwa jina." Nilikoroga, nikamtaja. Wasichana kumi na mbili wa nchi saba walipokezana mwiko ule, wote wakimsomea mwanamke wa Kibokoni wasiyemjua.

Usiku ule nilimpigia simu ami yangu, nikamwambia kwamba nimepata wa kunitia maji mdomoni. Alinyamaza, kisha akasema: "Basi Mwenyezi Mungu awalipe." Tangu siku hiyo ndiye anipigiaye kila Ijumaa.

Baadaye nilikwenda Eyüp, lilipo kaburi la sahaba Abu Ayyub al-Ansari (R.A.). Yeye ndiye aliyemkaribisha Mtume (S.A.W.) nyumbani kwake Madina alipohajiri, na akafia ugenini katika mazingiwa ya mji huu, akazikwa karibu na kuta zake. Niliketi uani nikamwombea bibi, aliyekuwa na mlango usiofungwa mchana.

Kwa mzazi na kwa kijana

Kwa mzazi anayeniuliza amruhusu au amkataze, sina fatwa. Hilo ni la masheikh na la nyumba yenyewe. Nina machache niliyoyajua kwa kuyapitia. Mjue mtoto atakapolala kabla hamjajua atakaposoma, na ikiwezekana asindikizwe. Makaratasi ya ukaazi yafanyiwe upya kabla ya muda wake kwisha. Asitumwe na mzigo wa kuwalisha watu wote, kwani posho ya mwanafunzi haitoshi kujenga nyumba. Na mwulizeni anavyoishi, si alama zake peke yake.

Nawe kijana, chukua Qur'ani yako, koti lako na upishi wa nyumbani. Nazi mbichi ni adimu. Mimi hupika mbaazi kwa nazi kavu ya unga wanayonyunyizia vitamu, na wenzangu hulamba sahani. Jifunze lugha ya watu. Ukialikwa, nenda. Na siku ukiwa na mlango wako mwenyewe, usisahau ulivyokuwa umesimama nje ya mlango wa mwenzio.

Mwezi ujao narejea kumaliza masomo, inshallah. Leso ya bibi imekwisha pauka, lakini jina lake lingali lasomeka. Mwenyezi Mungu amrehemu, awahifadhi watoto wetu walio mbali, na awarudishe salama. Amin.