Fundi akikuharibia bafu, shika daftari kabla ya kushika fimbo

JE, umewahi kugongewa mlango asubuhi na mapema na jirani aliyeshika karai mkononi?

Mimi nimewahi. Ilikuwa siku ya Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, na watoto walikuwa wakioga ili waende shuleni. Mama mmoja anayeishi katika nyumba iliyo chini yetu, mwenye umri wa kunizaa, alisimama mlangoni akiwa amejifunga leso.

“Mwanangu,” akaniambia kwa upole, “hebu njoo uone kitanda changu.”

Nilimfuata. Maji yenye povu la sabuni yalikuwa yakidondoka kutoka darini, tone baada ya jingine, hadi kwenye godoro lake. Yalikuwa maji ya kuogea ya wanangu, na bafu letu lilikuwa limemaliza wiki tatu tu tangu litiwe vigae vipya.

Ndugu msomaji, nyumba hii ya ghorofa mtaani Eastlands, jijini Nairobi, tuliinunua kwa mkopo wa chama cha ushirika. Kila shilingi iliyoingia katika bafu lile ilikuwa ya kuhesabiwa. Basi unaweza kukisia hasira niliyokuwa nayo nilipompigia fundi simu.

“Nitakuja kesho, mama,” akasema. Kesho yake hakuja. Kesho kutwa nilimfokea hadi akazima simu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimemlipa pesa zote, sikuwa na karatasi yoyote ya makubaliano, na hata jina lake kamili nililijua kutokana na ujumbe wa M-Pesa tu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hiyo niliwaelewa.

Kasoro hufichwa chini

Wengi wetu huingia katika bafu jipya, tukaona vigae vinang’aa, tukatabasamu na kulipa. La kusikitisha ni kwamba kasoro kubwa za bafu haziko juu. Ziko chini ya vigae, mahali ambapo jicho halifiki.

Vigae peke yao havizuii maji. Maji hupenya katika nafasi zilizo kati ya kigae na kigae. Kinachoyazuia ni dawa ya kuzuia maji ambayo hupakwa sakafuni, na kupandishwa ukutani hasa pale pa kuogea, kabla ya vigae kubandikwa. Dawa hiyo sharti iachwe ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye mkebe wake.

Kisha kuna mteremko. Sakafu ya bafu inafaa iteremke kuelekea tundu la kutolea maji, aghalabu kwa sentimita moja hadi mbili kwa kila mita moja. Mwulize fundi wako atumie pimamaji mbele ya macho yako. Sakafu ikiteremka kuelekea mlangoni, utakuwa ukipiga deki maisha yako yote.

Bomba la maji machafu nalo linahitaji kipindo ambacho hubakiza maji kidogo ndani. Maji hayo ndiyo huzuia uvundo na mende kupanda kutoka kwenye mabomba ya chini. Ukisikia harufu mbaya katika bafu ambalo limesuguliwa vizuri, huenda kipindo hicho hakikuwekwa au maji yake yamekauka.

Jipimie mwenyewe

Vipimo viwili havihitaji elimu ya chuo. Cha kwanza, gonga kila kigae kwa sarafu. Kikitoa mlio wa uwazi kama debe tupu, jua kwamba saruji au gundi haikuenea chini yake, na huenda kikapasuka au kikang’oka.

Cha pili hufanywa kabla ya vigae kubandikwa, dawa ikishakauka. Ziba tundu la kutolea maji, mwaga maji sakafuni yafikie kina cha sentimita mbili hivi, tia alama ya penseli ukutani, kisha uyaache kwa saa 24. Siku ifuatayo angalia alama yako, na umwombe jirani wa chini aangalie dari yake. Heri kuchelewa siku moja kuliko kubomoa baada ya mwezi.

Jambo moja lisingoje kipimo chochote. Ukigusa mfereji au maji ya shawa ya umeme ukahisi mtetemo mwilini, acha kuoga. Zima umeme kwenye swichi kuu, zuia watoto wasiingie humo, na umwite fundi wa umeme mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Umeme ukichanganyika na maji huua.

Yakishaharibika

Sasa tuseme maji yamekwisha kumwagika, kama yalivyonimwagikia mimi. Ufanyeje?

Kwanza, usibomoe chochote kwa hasira, kwani utakuwa ukiharibu ushahidi wako. Acha kutumia bafu hilo, piga picha za kila kasoro, na uandike tarehe. Weka risiti za vifaa na jumbe zote za malipo.

Pili, mwandikie fundi kwa utulivu. Mweleze kasoro moja moja, na umpe muda maalumu wa kuja kurekebisha, mathalani siku saba. Ujumbe wa simu unatosha, almuradi usiufute.

Tatu, mwite fundi mwingine akague na akuandikie alichokiona pamoja na gharama ya kurekebisha. Mlipe kwa ukaguzi huo, ili asivutwe na tamaa ya kupata kazi yenyewe.

Nne, ikiwa hamjaelewana, sheria ipo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata huduma yenye ubora ufaao, na fidia akipata hasara kutokana na kasoro. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mnamo Aprili 2021, husikiza madai ya hadi Sh1 milioni. Huhitaji wakili, unaweza kujieleza kwa Kiswahili, na sheria inataka kesi iamuliwe katika muda wa siku 60.

Mimi sikufika huko, na nitakwambia sababu.

Lawama za pande mbili

Fundi wa pili alipoinua vigae vichache kwa nyundo na tindo, alikuta dawa ya kuzuia maji ikibanduka kama ngozi ya nyoka. “Hii ilifunikwa ikiwa mbichi,” akasema.

Nilinyamaza, kwa sababu nilikumbuka. Fundi wa kwanza alikuwa ameniambia dawa iachwe siku mbili. Ni mimi niliyemwambia afanye hima, kwani wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi na sikutaka waoge kwa karai. Kosa lake lilikuwa kunitii. Isitoshe, alikuwa ameacha kiungo kimoja cha bomba bila gundi, na hilo halikuwa kosa langu.

Nilimwandikia hayo yote, langu na lake. Alikuja siku ya tatu. Tuliketi kwa yule mama wa chini, tukamwonyesha picha, na tukakubaliana mbele yake: mimi ninunue vifaa, yeye afanye kazi bila malipo. Safari hii tuliandika na tukatia sahihi. Maji yalikaa sakafuni kwa saa 24 na dari ya chini ikabaki kavu. Rangi ya dari hiyo na godoro jipya nililipia mimi, maana jirani hakuwa na hatia yoyote.

Kabla hujamwita fundi

Kwa hivyo, msomaji, anza vyema. Nenda ukaone kazi mbili tatu ambazo fundi amefanya, ikiwezekana zilizotumika kwa mwaka mmoja au zaidi. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA), iliyoundwa kwa sheria ya 2011, husajili wanakandarasi na kuwatambua mafundi stadi. Mwulize kama ana cheti chake.

Andikeni kazi itakayofanywa, vifaa, bei, na tarehe ya kumaliza. Lipa kwa awamu, kazi ikipiga hatua nawe ukitoa. Zuia angalau sehemu moja ya kumi hadi bafu limetumika kwa mwezi mzima. Fundi anayejiamini hatakataa.

Na akikwambia ngoja siku mbili, ngoja. Wakwe wakifika kabla ya bafu kuwa tayari, watilie maji katika karai. Wangu walipokuja tena mwezi wa Agosti, ndivyo walivyooga siku ya kwanza, maana mfereji ulikuwa mkavu mtaa mzima. Hakuna aliyelalamika.