Njia za miguu za Oman: Jangwa linalomfunza mtu thamani ya tone la maji

Anayeijua Oman kwa kusikia tu hudhani kwamba ni nchi ya mchanga mtupu. Mchanga upo, tena mwingi. Lakini wasomaji wetu wenye jamaa Maskat, na si haba, wanajua kuwa saa chache tu kwa gari kutoka mji huo ipo milima ya mawe inayokaribia kimo cha mita 3,000, na kwamba katika milima hiyo zimo njia za miguu zilizokanyagwa kwa karne nyingi. Watu walizipita wakiwa na punda waliobeba tende na makomamanga, wakaenda sokoni, wakawazuru ndugu, wakashuka mabondeni kutafuta maji. Leo nyingi kati ya njia hizo zimetiwa alama za rangi ya manjano, nyeupe na nyekundu juu ya mawe ili mgeni asipotee.

Familia inayokwenda kuwazuru jamaa zake huko, au inayopita Maskat ikirejea kutoka Umra, inaweza kuanza na njia fupi iliyo mjini humo humo. Njia hiyo inatoka Riyam, inapanda majabali na kuteremkia Muttrah. Kabla barabara ya pwani haijajengwa, waliokuwa na haja ya kuvuka kwa miguu walipita huko juu. Ni mwendo wa saa mbili hivi kwa watu wasio na haraka. Ukifika juu, bandari ya Muttrah yote iko chini ya miguu yako. Mtoto aliyezaliwa Unguja, Tanga au Mombasa atapenda kuambiwa kwamba majahazi yaliyoondoka katika ghuba hii yalifuata pepo za kaskazi hadi kwenye bandari za kwao.

Njia ya pili iko Jabal Akhdar, yaani Mlima wa Kijani. Juu yake, katika uwanda wa Sayq ulio kiasi cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, vijiji vya Al Aqr, Al Ayn na Ash Shirayjah vimeshikilia ukingo wa bonde. Njia inaviunganisha ikipita kando ya mashamba ya ngazi. Ukienda mwezi wa Aprili utakuta mawaridi yakichumwa alfajiri ili yatolewe marashi. Ukienda mwishoni mwa kiangazi, utakuta makomamanga yameiva.

Hapo mzazi asimame na awaulize wanawe: maji haya yanatoka wapi, nasi tumo katika nchi kavu? Jawabu liko miguuni pao, katika mfereji mwembamba unaoitwa falaj. Wahenga wa Oman walichimba mifereji ya namna hii, mingine ikipita chini ya ardhi kwa kilomita nyingi, ili kuyaleta maji kijijini kwa mteremko pekee, pasi na mashine. Mifereji ipatayo 3,000 ingali inatumika, na mwaka 2006 mitano kati yake iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Maji yanapofika kijijini huanzia mahali pa kunywa, kisha msikitini na mahali pa kuogea, ndipo yaende mashambani. Huko kila mwenye haki hupewa zamu yake kwa kipimo cha muda, na hapo zamani zamu hizo zilipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Huo ni uadilifu unaoonekana kwa macho, na mtoto aliyeuona hatahitaji hotuba ndefu kuhusu ubaya wa israfu.

Njia ya tatu ndiyo mashuhuri kuliko zote. Iko Jabal Shams, Mlima wa Jua, nayo inaanzia kitongoji cha Al Khitaym na kuambaa ubavuni mwa korongo la Nakhr hadi As Sab, kijiji kilichohamwa, ambacho nyumba zake za mawe zimejibanza chini ya mwamba. Upande mmoja ni ukuta wa jabali; upande wa pili ni shimo lenye kina cha mamia ya mita. Njia yenyewe si ngumu, lakini mtoto mdogo ashikwe mkono.

Mwandishi wa makala haya aliipita akiwa na wanawe wawili pamoja na binamu yake, mzaliwa wa Unguja aliyekulia Nizwa. Kabla hatujaondoka binamu aliweka sharti moja: nusu ya maji ikiisha, tunageuka, popote tutakapokuwa. Jua lilipopanda, watoto walikunywa kuliko tulivyokadiria. Akazitazama chupa, akasimama. "Ami, kijiji si kiko karibu tu?" aliuliza mkubwa, machozi yakimlengalenga. Akajibiwa kwa upole: "Kipo mwanangu, na kesho kitakuwapo. Nasi tuwepo." Tukarudi bila kukiona. Tulipofika kwenye gari, chupa ya mwisho ilikuwa tupu, na yule aliyelia hakusema neno tena.

Ndiyo maana wenyeji husafiri milimani kuanzia Oktoba hadi Machi, hali ya hewa inapokuwa ya baridi, na huanza mwendo baada ya sala ya alfajiri. Na kama ukame unaua, maji nayo yanaua. Mvua ikinyesha milimani, bonde kavu linaweza kujaa ghafla ilhali mbingu juu yako ni nyeupe. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko ya namna hiyo yaliwaua watu nchini humo, wanafunzi wakiwa miongoni mwao. Basi mvua ikitabiriwa, usiingie bondeni, na usijaribu kuyavuka maji yaendayo kasi, kwa miguu wala kwa gari.

Ibada haimzuii mtu kutembea. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza sala, na mwenye maji ya kunywa tu anaruhusiwa kutayamamu ili asiihatarishe nafsi yake. Rehema hiyo huisoma mtu madrasa miaka mingi. Akiwa juu ya Jabal Shams na chupa nusu mkononi, huielewa mara moja.

Kijiji cha As Sab bado hatujakiona. Inshallah tutarudi, tukiwa na maji zaidi.