Kivuli kwa Watu, Maua kwa Nyuki: Namna ya Kuchagua Mimea ya Uani

Kata ya Ilemba iko katika Bonde la Ziwa Rukwa, chini ya miinuko ya Ufipa. Kwa sababu ya joto la bonde, kaya nyingi huthamini mti wa kivuli uani. Katika bonde hilohilo wakulima hulima ufuta na alizeti, mazao yanayonufaika na nyuki. Kwa hiyo, uchaguzi wa mimea ya kuizunguka nyumba unagusa pia mavuno ya shambani.

Nyuki anapotafuta chakula huhamisha chavua kutoka ua moja hadi jingine. Kichwa cha alizeti kisichotembelewa vya kutosha huweza kuwa na mapepe mengi. Mboga wa maboga nao una maua ya kiume na ya kike yaliyotengana. Ua la kike lisipofikiwa na chavua, boga changa hunyauka na kudondoka.

Hatua ya kwanza ni kupima kivuli. Katika siku ya jua, mkazi aiangalie sehemu anayotaka kupanda saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri. Isipopata jua katika nyakati zote tatu, hicho ni kivuli kizito. Ikipata jua mara moja au mbili, ni kivuli chepesi.

Penye kivuli kizito, mimea mingi hutoa majani kuliko maua. Magimbi hufaa palipo na unyevu, na tangawizi nayo huvumilia kivuli. Hata hivyo, sehemu hiyo isitegemewe kuvuta nyuki, kwa kuwa nyuki hupendelea maua yaliyo juani.

Penye kivuli chepesi, kivumbasi hustawi na maua yake hupendwa sana na nyuki. Wanaokivuna kwa ajili ya kufukuza mbu wanashauriwa kubakiza baadhi ya matawi yachanue. Maboga yapandwe ukingoni mwa kivuli ili yatambae kuelekea kwenye jua. Mbaazi na alizeti zipandwe mahali penye jua la kutwa.

Jambo ambalo mara nyingi husahaulika ni kwamba mti wa kivuli wenyewe ni bustani ya nyuki. Chini yake watu hupumzika. Juu yake, palipo na jua, maua huchanua. Mwembe huchanua wakati wa kiangazi, kipindi ambacho maua ya mashambani yamekwisha. Mkwaju na mlonge nayo hutembelewa na nyuki, na kivuli cha mlonge ni chepesi kiasi cha kuruhusu mboga kukua chini yake. Miti mingi ya miombo huchanua karibu na mwanzo wa mvua. Kwa wakazi wa juu Ufipa, kwenye baridi, mparachichi ni chaguo jema la kivuli, matunda na maua.

Kwa sababu hiyo, anayekata mwembe mkubwa ili apate nafasi ya bustani ndogo ya maua huenda akawapunguzia nyuki chakula badala ya kuwaongezea. Ni bora kupogoa matawi machache ya chini ili mwanga upenye, kisha kupanda kivumbasi pembezoni.

Mimea pekee haitoshi iwapo nyuki wanauawa shambani. Viuatilifu visipuliziwe kwenye mimea iliyochanua. Inapolazimu, kazi hiyo ifanyike jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani. Chombo kipana cha maji chenye mawe ya kutulia huwasaidia nyuki wakati wa kiangazi.

Usalama nao uzingatiwe. Mizinga iwekwe mbali na nyumba, shule, njia na mifugo. Kundi la nyuki likitua karibu na makazi, lisichomwe moto wala kupigwa mawe. Watoto waondolewe na taarifa itolewe kwa uongozi wa kijiji. Kwa ushauri kuhusu miche inayofaa, wananchi wamwone Afisa Ugani wa eneo lao kabla ya msimu wa mvua kuanza.