Karoti Zilitoka, Korongo Wakarudi

Je, msomaji, umewahi kusikia shamba la karoti likigeuzwa kinamasi kwa makusudi? Ndivyo ilivyokuwa Lakenheath, mashariki mwa Uingereza. Mwaka wa 1995, RSPB, shirika la kulinda ndege, lilianza kununua mashamba hayo. Lilirudisha maji, likapanda matete kwa mikono. Anayehangaikia unga ataona huo ni wazimu! Lakini eneo hilo lilikuwa kinamasi kabla ya watu kulikausha walime, na korongo walikuwa hawajazalia huko kwa miaka 400 hivi. Mwaka wa 2007 walikuja wenyewe, wakajenga viota. Ukifika huko leo utakuta familia zikitembea kando ya matete, darubini shingoni, zikimtafuta ndege huyo wa miguu mirefu.