Joka la Tisa

Majoho mengi ya hariri ya wakuu wa China wa enzi ya Qing (1644–1912) yalidariziwa majoka tisa. Ukiyahesabu, utapata manane tu. La tisa limefichwa chini ya upindo wa mbele, halionekani mpaka upindo ufunuliwe.

Utawala huo ulipoanguka, majoho mengi yaliuzwa. Leo mengine yamo katika makumbusho ya Victoria and Albert, London, na Metropolitan, New York.

Uzi wa dhahabu wa majoho haya utazamwe kwa karibu: ni ukanda mwembamba wa karatasi iliyopakwa dhahabu, ukazungushwa kwenye uzi wa hariri, kisha ukalazwa juu ya kitambaa na kushikizwa kwa mishono midogo sana. Ukikunjwa palepale miaka nenda miaka rudi, karatasi hukatika na dhahabu hupukutika. Ndiyo maana joho la namna hii hulazwa bapa sandukuni, mikunjo yake ikijazwa karatasi laini isiyo na asidi.

Nondo ni hatari, lakini mwanga ni hatari zaidi. Rangi ikishapauka hairudi. Makumbusho huwasha taa hafifu, takriban luksi 50, na baada ya miezi michache joho hurudishwa gizani likapumzike.

Na kulifua nyumbani? Hata kidogo, rangi za kale huweza kuchuja zikiguswa tu na maji.